Karatasi imeandikwa "IgG chanya": namna ya kusoma kipimo cha kingamwili za korona, hatua kwa hatua

Mwishoni mwa 2021, miezi michache baada ya chanjo ya UVIKO-19 kuanza kutolewa nchini, mzee mmoja wa Ujiji alinijia dirishani na karatasi aliyoikunja mara nne. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaikunjua taratibu kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Alikuwa amechomwa kidole mahali fulani safarini, tone la damu likawekwa kwenye kaseti, kisha akaandikiwa maneno mawili: IgG chanya. Swali lake lilikuwa hili: "Mwanangu, hapa wanasema ninaumwa, niliumwa nikapona, au nimeshakingwa nisihangaike na sindano?"

Nilimjibu haraka, na nilimjibu vibaya. Nilimwambia ameshaugua na kupona. Hakuwa amechanjwa na hakukumbuka kikohozi chochote cha maana. Ila alipokuwa anaondoka alinitajia, kama jambo la kupita tu, kwamba siku anapimwa alikuwa katikati ya dozi ya mseto kwa ajili ya malaria. Nilipaswa kumrudisha kwenye kiti siku ile. Hapa chini nimeandika yale ambayo ningemwambia. Nawaandikia wenzangu wa maabara na matabibu wa zahanati, na yeyote aliyebaki na karatasi ya namna hiyo kwenye droo.

Wavu hauulizi jina la samaki

Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kushika kitu kigeni. Kila kingamwili ina umbo lake mwishoni, na umbo hilo hushika kipande fulani cha kirusi, siyo kirusi kizima. Kaseti au kisahani cha maabara hufanya kazi kinyumenyume: kiwandani wamekipaka kipande kimoja cha kirusi, wewe unaweka damu, na kama kuna kingamwili ndani ya damu yako zinazonata kwenye kipande kile, mstari unatokea au rangi inabadilika.

Kwa hiyo kipimo kinajibu swali moja dogo: ndani ya damu hii, kuna kitu kinachonata kwenye kipande hiki? Hakisemi kingamwili hizo zilitengenezwa kwa ajili ya nani. Wavuvi wa Kibirizi wanalijua hili bila kwenda shule ya maabara. Unatupa wavu wa dagaa usiku wa giza, karabai zinawaka, unavuta dagaa, na humo humo mnapanda migebuka wadogo ambao hukuwatafuta. Wavu umechagua ukubwa tu, jina la samaki haulijui.

Kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya kirusi kimoja inaponata kwenye kirusi ndugu yake, huo ndio mshiko mtambuka. Nitatumia neno hilo kuanzia hapa.

Wajue ndugu wenyewe kwanza

Watu wengi walisikia neno korona mara ya kwanza mwaka 2020, lakini ukoo huu tulikuwa nao nyumbani zamani. Jina lenyewe lilianza kutumika 1968, baada ya wataalamu, akiwamo June Almeida wa Uingereza aliyekuwa bingwa wa hadubini ya elektroni, kuona miiba iliyouzunguka mwili wa kirusi kama taji.

Vipo virusi vinne vya korona vinavyoleta mafua ya kawaida kwa binadamu duniani kote. 229E kiligunduliwa katikati ya miaka ya 1960, OC43 mwaka 1967, NL63 kilitangazwa Uholanzi 2004, na HKU1 Hong Kong 2005. Ule mkamba mwepesi ambao mtoto anaupata msimu wa mvua, pua zinachuruzika, bibi anampaka mafuta kifuani na wiki inayofuata anacheza mpira: baadhi yake ni hawa. Kwa ufupi, mtu mzima wa Kigoma ana kingamwili za karibu wote wanne, na amekuwa nazo tangu utotoni.

Kisha wapo watatu wakali. SARS ya kwanza, iliyozuka China mwishoni mwa 2002, ikaua watu 774 kabla ya kuzimwa 2003. MERS, iliyotambuliwa Saudi Arabia 2012 na inayotoka kwa ngamia. Na kirusi cha UVIKO-19, kiitwacho SARS-CoV-2, kilichojitokeza Wuhan mwishoni mwa 2019.

Undugu wao haulingani, na hapa ndipo mambo yote ya mshiko mtambuka yanapoamuliwa. SARS ya kwanza na SARS-CoV-2 ni watoto wa tumbo moja: maandishi yao ya vinasaba yanafanana kwa karibu asilimia 79. OC43, HKU1 na MERS wamo kwenye kundi moja nao, kundi la beta, lakini ni binamu. NL63 na 229E ni wa kundi la alfa, yaani tunaitana ndugu kwenye misiba tu. Jambo la kuchekesha ni kwamba NL63, pamoja na umbali huo, huingia kwenye seli kupitia mlango uleule wa ACE2 unaotumiwa na kirusi cha UVIKO-19. Kutumia mlango mmoja hakukuwafanya wafanane sura.

Sasa tuingie kwenye hatua.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni kipimo cha kingamwili

Inaonekana ya kitoto, lakini nusu ya mabishano niliyowahi kuyasuluhisha yaliishia hapa. Kijiti kilichopita puani kinatafuta kirusi chenyewe: kama ni PCR kinatafuta vinasaba vyake, kama ni kaseti ya antijeni kinatafuta protini yake. Hivyo vinajibu swali la leo. Damu, iwe ya kidole au ya mshipa, inatafuta kingamwili, na kingamwili ni habari za jana na juzi. Mtu mwenye homa leo anayetaka kujua kama ni UVIKO-19 hasaidiwi na IgG. Mpeleke akapimwe puani.

Ukiona kaseti ina mistari C, G na M, hicho ni cha kingamwili. C ni mstari wa kontroli. Usipotokea, tupa kaseti. M ni IgM, kingamwili za mwanzo. G ni IgG, zinazokaa muda mrefu. Soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye boksi. Mstari uliofifia unaojitokeza baada ya nusu saa, wakati umeenda kunywa chai, haupo.

Hatua ya pili: geuza boksi, utafute kipande

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Tafuta kwenye karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi neno antijeni, uone wamepaka nini. Utakuta mojawapo ya haya: N, S, S1, S2, au RBD. Wakati mwingine wamechanganya N na S.

N ni protini ya ndani, inayofunga vinasaba vya kirusi kama kamba inavyofunga mzigo. S ni mwiba wa nje. Mwiba una sehemu mbili: S1, kichwa kinachogusa seli, na S2, shina linalouchoma utando na kuunganisha kirusi na seli. Ndani ya S1 kuna RBD, kile kiganja hasa kinachoshika mlango wa ACE2.

Kichwa cha mwiba hubadilika sana kutoka kirusi kimoja hadi kingine, kwa sababu ndicho kinachoonekana na kingamwili na ndicho kinachokimbia. Shina haliwezi kubadilika hovyo. Lina kazi ya ufundi ya kujikunja na kuchoma, na ukilibadilisha umbo halifanyi kazi. Kwa sababu hiyo S2 za virusi hawa zinafanana kuliko S1 zao. RBD ya SARS-CoV-2 na RBD ya OC43 ni kama mikono ya watu wasiojuana kabisa.

Basi kanuni ya mezani ni hii: kipimo kilichopakwa RBD peke yake hakidanganywi kirahisi na mafua ya kawaida. Kilichopakwa S nzima au S2 kinadanganyika zaidi, maana shina la OC43 limo humo kwa sura. N iko katikati, ina vipande vya zamani vya ukoo visivyobadilika. Watafiti wa London walionyesha mwaka 2020 kwamba watu ambao hawakuwahi kuambukizwa SARS-CoV-2, watoto hasa, walikuwa na kingamwili zinazoshika S2 yake. Ni za mafua. Watoto ndio wanaoyakamata mafua hayo mara kwa mara, kwa hiyo akiba yao ni mpya.

Kama karatasi ya boksi haisemi wamepaka nini, andika hivyo kwenye majibu. Binafsi kaseti ya namna hiyo siitumii.

Hatua ya tatu: uliza chanjo kwa jina lake

Usiulize "umechanjwa?" Uliza "ulichoma ipi?" Tanzania ilizindua chanjo tarehe 28 Julai 2021 kwa Janssen, ile ya sindano moja, na baadaye zikaja Sinopharm, Pfizer, Moderna na Sinovac. Kwenye kadi ya mtu jina lipo. Mwambie alete kadi.

Janssen, Pfizer na Moderna hufundisha mwili mwiba tu. Aliyechomwa hizo atakuwa na kingamwili za S, hatakuwa na za N zitokanazo na chanjo. Sinopharm na Sinovac ni kirusi kizima kilichouawa, kwa hiyo aliyechomwa anaweza kuwa na S na N zote mbili bila kuwahi kuugua.

Ukishajua hivyo, karatasi inaanza kusema. Mama amechomwa Janssen, S chanya, N hasi: chanjo inatosha kueleza yote. Mama huyohuyo akiwa S chanya, N chanya: kuna uwezekano mkubwa aliambukizwa, bado hatujaondoa mshiko mtambuka. Baba amechomwa Sinopharm, zote chanya: N haikuambii chochote kuhusu kuugua. Wakimbizi wa Nyarugusu au wasafiri kutoka ng'ambo ya ziwa waweza kuwa na kadi ya nchi nyingine, na hapo jina la chanjo ndilo la kutafuta, usibahatishe kwa kuangalia nchi.

Kuna mtego mmoja. N hasi kwa mtu aliyechanjwa haimaanishi hakuambukizwa. Kwenye jaribio kubwa la Moderna Marekani, kati ya waliothibitishwa kuugua, asilimia 93 ya waliopewa maji ya chumvi walipata kingamwili za N. Kwa waliochanjwa ilikuwa asilimia 40 tu. Mwili uliokwisha kuandaliwa humkata kirusi mapema, hapati nafasi ya kuonyesha protini zake za ndani. Na kingamwili za N hupungua upesi kuliko za S.

Hatua ya nne: weka tarehe mbili kando

Tarehe ya kwanza ni ya dalili au ya sindano, ya pili ni ya kutolewa damu. IgG huchukua wiki mbili hadi tatu kuonekana vizuri. Aliyepimwa siku ya tano akapata hasi, hujajifunza kitu.

Lakini zipo tarehe zinazofundisha. Mtu ambaye mwili wake umezoea OC43 kwa miaka thelathini, akikutana na SARS-CoV-2 au akichanjwa, mwili hauanzi darasa la kwanza. Unaamsha kwanza seli za kumbukumbu zilizokuwa zimelala, zile zinazolijua shina la mwiba. Ndiyo maana wagonjwa wa UVIKO-19 huonekana kingamwili zao za OC43 na HKU1 zikipanda ghafla pamoja na mpya, na IgG hutokea mapema, wakati mwingine sambamba na IgM au kabla yake. Chanjo za mwiba nazo huzipandisha hizo za binamu wa beta kwa kiasi, kuliko zile za alfa. Kwa hiyo usimwambie mtu "OC43 yako imepanda, una mafua mapya." Huenda ni sindano ya mwezi jana imegonga mlango wa jirani.

Hatua ya tano: malaria, malaria, malaria

Hapa ndipo mwongozo wa Ulaya unapotuacha barabarani. Kigoma na Tabora ni mikoa ambayo malaria haijawahi kuwa habari ya zamani. Katika upimaji wa kitaifa wa 2017 Kigoma iliongoza kwa watoto chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea, karibu robo yao.

Vipimo vingi vya kingamwili za korona vilijaribiwa kwa damu za nchi zisizo na malaria, vikaandikiwa umahususi, yaani uwezo wa kutowaita chanya wasioambukizwa, wa asilimia 98 au 99. Vilipopelekwa Benin na Nigeria na kujaribiwa kwa damu zilizochukuliwa kabla ya UVIKO-19 kuwapo duniani, chanya za uongo zikawa nyingi kupita ahadi ya boksi, hasa kwa wenye malaria. Na damu za zamani za Tanzania na Zambia zilipolinganishwa na za Marekani, zetu zilikuwa na mshiko mkubwa zaidi kwenye protini za SARS-CoV-2. Kirusi hakikuwa kimezaliwa bado, ila damu ilikuwa inanata.

Sababu ni mbili, na zinafanya kazi pamoja. Moja, malaria huzisukuma seli B zote kwa fujo, zitengeneze kingamwili za kila aina, nyingi zikiwa za kunata ovyo bila kushika kwa nguvu. Mbili, mwiba wa korona umefunikwa na sukari. Utafiti uliotoka 2022 ulionyesha kwamba kingamwili za watu wenye malaria zilikuwa zinashika sukari hizo juu ya S1, si protini yenyewe, na hazikuweza kukizuia kirusi kuingia kwenye seli. Umeona sasa kwa nini hata kipimo cha S1, kile kichwa cha mwiba kisichofanana na cha ndugu zake, hakina kinga kwetu.

Utaratibu wangu siku hizi: kila sampuli ya kingamwili za korona nafanyia mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, na, darubini ikiwa wazi, BS pia, yaani tone la damu kwenye kioo. Kama ni chanya, au mgonjwa amemaliza mseto ndani ya wiki chache, naandika kwenye majibu na naomba damu nyingine baadaye, baada ya mwezi na zaidi. Chanya ya kweli itabaki. Ya kunata ovyo mara nyingi hushuka.

Hatua ya sita: hesabu kabla hujatangaza

Chukua kijiji cha watu 1,000 mwaka 2020, ambapo 50 wameshaambukizwa. Kipimo kina unyeti wa asilimia 90, yaani kinawakamata 45 kati ya hao. Umahususi ni asilimia 98 kama boksi linavyosema: kati ya 950 wasioambukizwa, 19 watakuwa chanya za uongo. Jumla ya chanya ni 64, na 45 ni za kweli. Karibu saba katika kumi. Siyo mbaya.

Sasa chukua kipimo hichohicho, lakini umahususi wake kwenye damu zetu ni asilimia 86. Chanya za uongo ni 133. Jumla 178, za kweli 45. Mmoja kati ya wanne. Ukisimama kwenye mkutano wa hadhara Kasulu ukatangaza watu 178 wamepata korona, umetangaza mafua, malaria na korona kwa jina moja.

Geuza hesabu kwa leo, ambapo wengi wameshakutana na kirusi au chanjo. Tuseme 800 kati ya 1,000. Kipimo kilekile kibovu kinatoa chanya 748, na 720 ni za kweli. Ghafla kinaonekana hodari. Ila angalia hasi: 252, na 80 kati yao ni uongo. Kipimo hakijabadilika hata chembe, ni kijiji kilichobadilika. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, leo IgG chanya haikupi habari mpya, na hasi ndiyo ya kutiliwa shaka.

Hatua ya saba: kwa wenye maabara, mtenganishe ndugu

Msomaji asiye wa maabara aruke hadi hatua ya nane.

Anza na damu za kale. Kabla ya kutumia kipimo chochote kwa utafiti Kigoma au Tabora, kijaribu kwa seramu zilizogandishwa kabla ya Desemba 2019, za watu wa hapa hapa, wenye malaria na wasio nayo. Hizo zote lazima ziwe hasi, kwa hiyo chanya yoyote ni ya uongo na unaihesabu. Kisha panga upya mpaka wa chanya juu ya kiwango hicho, usichukue namba ya kiwandani. Seramu hizo zinahitaji kibali cha maadili. Anzia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ambayo ina kituo Tabora pia. Na kabla hujaziamini, uliza historia ya friza. Mji wetu wa Kigoma uliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi, na seramu iliyoyeyuka na kuganda mara tano siyo kontroli.

Pili, tumia antijeni mbili. Ita chanya pale tu RBD na N zinapokubaliana kwa ambaye hajachanjwa. Utapoteza wachache wa kweli, utaondoa wengi wa uongo, kwani si rahisi damu ileile kunata kimakosa sehemu zote mbili.

Tatu, fanya jaribio la kunyonya, ninalolipenda kuliko yote. Gawa seramu kwenye mirija mitatu. Wa kwanza weka bafa tupu. Wa pili weka protini ya mwiba ya OC43 kwa wingi, ukiweza changanya na ya HKU1. Wa tatu weka mwiba wa SARS-CoV-2 wenyewe. Acha saa moja kwenye nyuzi 37, kisha peleka mirija yote kwenye visahani vya ELISA vilivyopakwa mwiba wa SARS-CoV-2. Rangi ikishuka sana kwenye mrija wa pili, kingamwili zilikuwa za OC43 na zimeshanyonywa. Ikibaki palepale kwenye wa pili na kufa kwenye wa tatu, ni za SARS-CoV-2. Na kama haijafa hata kwenye wa tatu, basi haikuwa inashika kirusi chochote, ilikuwa inanata kwenye plastiki. Hiyo ya mwisho nimeiona kwenye damu zenye malaria mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Ukikosa protini za binamu, osha visahani kwa yurea kabla ya kuweka rangi. Kingamwili zinazoshika kwa nguvu hubaki, za kunata ovyo huondoka na maji. Na ukiwa na namba, itoe kwa vizio vya BAU kwa mililita, kipimio ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka Desemba 2020, ili mwenzako wa hospitali ya Kitete, Tabora, aweze kulinganisha na yako ya Maweni, Kigoma.

Hatua ya nane: kushika siyo kuzuia

Mzee wa Ujiji alitaka kujua kama amekingwa. Mshiko mtambuka unaweza kukinga, lakini mara chache, na inategemea ni ndugu yupi.

Mfano mzuri umetoka kwa watoto wa tumbo moja. Kutoka kwa watu waliopona SARS ya 2003 zilipatikana kingamwili mbili zilizokuja kujulikana: CR3022, inayoshika SARS-CoV-2 lakini haimzuii vizuri, na S309, inayoshika na kumzuia, ambayo baadaye ilitengenezewa dawa ya sotrovimabu. Kirusi kilekile, kushika kulekule, matokeo tofauti. Huko Singapore, watu wanane waliopona SARS ya 2003 walipochomwa Pfizer mwaka 2021, walitoa kingamwili zilizozuia virusi vya ukoo ule kwa upana usioonekana kwa wengine. Mwili ulikumbuka sehemu ambazo ndugu wote wawili wanazo, ukazikazia hizo.

Kwa binamu wa mafua habari ni nyingine. Kingamwili zao zilizokuwapo kabla ya 2020 hazikuonekana kuwaepusha watu na maambukizi. Utafiti mmoja wa Boston uliona waliopata korona ya mafua hivi karibuni waliugua UVIKO-19 kwa nafuu, na huenda seli T ndizo zilizosaidia, askari wengine wa mwili ambao kaseti haiwaoni kabisa. Hata dhidi yao wenyewe kinga ya mafua haya haidumu: wanaume kumi waliofuatiliwa Amsterdam kwa miaka mingi walikuwa wakiambukizwa tena kirusi kilekile, mara nyingi baada ya miezi kumi na miwili.

Kwa hiyo usimzuie mtu kupata chanjo kwa sababu ya mstari wa G, na usimsukume kwenye dozi ya ziada kwa sababu mstari ni hafifu. Uamuzi wa chanjo ufuate umri, ujauzito, kisukari, presha na ratiba ya wizara.

Hatua ya mwisho: andika majibu yanayosomeka

Siandiki tena "IgG chanya" peke yake. Karatasi ya mzee ingekuwa hivi: "Kingamwili za IgG zimeonekana zikishika protini ya N/S ya SARS-CoV-2 kwa kipimo cha kaseti. Hajachanjwa. mRDT ya malaria chanya siku hiyohiyo, yuko kwenye mseto. Majibu hayatoshi kusema ameambukizwa UVIKO-19 wala kwamba ana kinga. Arudi kwa damu ya mshipa baada ya wiki sita." Ni mistari minne. Inaingia kwenye fomu ileile, ukiandika kwa herufi ndogo.

Alirudi, kwa njia, siyo baada ya wiki sita bali miezi mitatu, akiwa na dagaa kwenye gazeti na kadi ya Janssen mfukoni. Nilimtoa damu. N ilikuwa hasi, RBD chanya kwa nguvu. Safari hii nilisoma kadi kwanza, ndipo nikasoma kipimo.